Visu Jikoni kwa Mama Lusubilo

Kisu cha jirani hakipigi hodi. Msikunje nyuso, wajukuu zangu, si methali ya vita. Mmeuliza ilitoka wapi, basi ilitoka jikoni kwangu, hapa hapa Tukuyu, siku niliyotaka kumpiga mtu fimbo.

Nilikuwa mgeni mjini, mjane, mchuma chai. Binti yangu Lusubilo alikuwa apate kipaimara Jumapili, na majina ya watoto yalikwisha kusomwa kanisani. Nilitaka siku hiyo ale na wageni kama wenzake, asionekane mtoto wa kuokotwa. Ndizi nilikuwa nazo, mikungu imejaa jikoni. Mikono ya kuzimenya ndiyo sikuwa nayo, na kuomba msaada niliona haya. Ningemwambia nani, na mwaka wenyewe sijamaliza? Nikasema Jumamosi nitaomba ruhusa, nimenye mwenyewe.

Nyapara akakataa. Majani yamechipua, yakiachwa yanakomaa, hakuna kutoka. Nilichuma huku nalia, siwafichi.

Jioni nikapanda kilima mbio. Kufika, naona moshi unatoka jikoni kwangu na mlango uko wazi, na Lusubilo nilimwacha kwa mchungaji kwenye mafundisho. Nikajua ni wezi. Nikaokota fimbo nikaingia nayo juu juu.

Kumbe ni wanawake wa kwaya. Kila mmoja alikuwa na kisu chake alichotoka nacho nyumbani, maganda yamewafika magotini.

"Mnaingiaje nyumba ya mtu bila hodi?" nikauliza.

Mama Ambakisye, kiongozi wa sauti ya pili, hakuacha hata kumenya. "Hodi tungempigia nani, mama, mkungu wa ndizi?"

"Lakini sikuwaalika."

"Hapa kwetu wa kula ndio hualikwa. Wa kumenya hujileta. Hiyo fimbo itie motoni, sufuria inapoa."

Nilikaa chini nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kesho yake Lusubilo alikula na kanisa zima, na kwaya ikaimba uani hadi sauti zikakauka. Sijapata kufurahi vile.

Baada ya wiki mbili kukawa na harusi mtaa wa chini, kwa watu nisiowajua hata jina. Nikachukua kisu changu nikaenda. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, nikausukuma.

"We nani?" akauliza mwenye nyumba.

Nikavuta kigoda, nikaanza kumenya. "Kisu cha jirani," nikamwambia, "hakipigi hodi."