Kahawa Ilivyovuka Mto Tumboni mwa Fungo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kahawa!
Ya nani?
Ya aliyewahi!

Basi aliyewahi anyamaze, na aliyechelewa asiniulize.

Hapo kale kahawa ilikuwa mahali pamoja tu duniani, mlimani kwa Chui. Kwingine kote walikunywa maji ya moto wakajidanganya. Chui alikuwa na mibuni mlima mzima, na choyo cha kujaza mlima mwingine. Ukitaka kikombe, upande na mtungi wa maji kichwani, upalilie kutwa, jioni upewe kikombe kidogo kama ganda la njugu. Buni mbichi haikutoka. Iliyotoka ilikuwa imechemshwa kwanza, imekufa, hata uizike kwenye mbolea haioti.

Kindi alijaribu. Akaficha buni shavuni. Chui akamtekenya, Kindi akacheka, buni zikadondoka: to, to, to. Ngozi ya Kindi ikatundikwa langoni.

Ngedere alijaribu. Akaficha buni kwapani. Chui akamwambia, "Nipungie mkono, kwaheri." Buni zikadondoka: to, to, to. Ngozi ya Ngedere ikatundikwa langoni.

Siku moja akapanda Fungo. Mnamjua Fungo, yule mwenye madoa, anayetanguliwa na harufu yake. Mama yake alikuwa amebeba mtungi kwenye mlima ule mpaka shingo ikazama mabegani. Fungo akasema, "Mama hapandi tena. Safari hii mlima ndio utashuka."

Akapalilia. Chui akigeuka huku, Fungo anameza tunda jekundu, gu! Chui akigeuka kule, Fungo anameza jingine, gu! Jioni akafika langoni, tumbo limekaza kama ngoma.

"Shavuni?" akauliza Chui.

"Patupu, Mwinyi."

"Kwapani?"

"Patupu, Mwinyi."

"Mkiani?"

"Manyoya tu, Mwinyi."

Mara tumbo la Fungo likalia: nguru-nguru-nguruuu!

Masikio ya Chui yakasimama. "Hilo linasema nini?"

"Linakushukuru kwa kahawa yako, Mwinyi."

"Sijakupa bado."

"Linatanguliza shukrani."

Chui akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akammiminia kikombe. Akammiminia cha pili. Akammiminia cha tatu, yule bahili asiyempa mtu hata tone! Na kahawa chungu mnajua inavyolifanya tumbo. Nguru-nguru! Jasho likamtoka Fungo puani. Chui akanoa kucha kwenye jiwe, kwaru, kwaru.

"Chutama hapo, Fungo. Nataka kuona kinachotoka."

"Mwinyi, nikate shingo, lakini hapa siwezi. Sisi akina Fungo tuna choo cha ukoo. Babu alinyea pale, baba alinyea pale. Ugenini hatunyi."

Chui alijua ni kweli. Kila mnyama anajua kwamba Fungo ana mahali pake. "Kiko wapi hicho choo?"

"Ng'ambo ya mto."

"Twende wote. Nikiona buni hata moja, ngozi yako inalala langoni."

Wakashuka, Fungo mbele, Chui nyuma, kucha moja imegusa mgongo wa Fungo. Nguru-nguru! Fungo akabana. Akateleza kwenye jiwe, akabana. Wakaingia mtoni, maji baridi yakampiga kitovuni, ai! Akabana. Wewe Mwanakombo unayecheka, ungebana wewe?

Wakafika. Lundo la ukoo mzima, la tangu enzi na enzi, nzi vuuu! Akina Fungo wote walikuwapo, na yule mama mwenye shingo iliyozama. Fungo akachutama. Mengine siwaelezi.

Puuu!

"Haya, Mwinyi. Kagua."

Chui akanyoosha mkono. Kucha ikashuka, ikashuka. Fungo akafumba macho. Ndipo mama yake akapiga vigelegele.

"Mpisheni! Mpisheni mwanangu mpya!"

"Mwanao nani, we kizee?"

"Wewe, baba. Anayetia mkono chooni kwetu ni wa kwetu. Tunakupa na jina, Fungo Mdogo. Kesho tunapanda na ngoma kuwaambia watu wako."

Desturi hiyo asubuhi ya siku ile haikuwapo bado. Lakini ukoo mzima ukaitikia, "Karibu, Fungo Mdogo!"

Kucha ikasimama hewani. Buni moja ilikuwa pale juu, nyeupe, inang'aa. Angetazama chini tu angeiona. Lakini pua aliielekeza mawinguni kwa ule uvundo.

"Mimi? Fungo Mdogo? Mfyuu!" Akageuka, akavuka mto, akaenda zake.

Mvua ikanya, choo kikachipua. Ndege wakala, wakadondosha mbali. Wapita njia wakaomba miche, wasioomba wakaiba, kahawa ikafika mpaka kwa wale wa ng'ambo ya bahari wanaoitia maziwa na kudai ni yao. Chui akabaki na mlima wake, anajichotea maji mwenyewe.

Mama Fungo akaletewa kikombe cha kwanza cha shamba lao. Akanywa. Akakunja uso.

"Chungu! Yaani shingo yangu imekwenda kwa hiki?"

Kisha akasema, "Ongeza."

Ngano nimeimimina yote, kilichobaki ni masimbi chini ya kikombe. Funzo lake: msiibe, kwani wizi haujamfaa mtu. Na muwe wasafi, maana uchafu haujazaa kitu chema duniani. Mmesikia? Haya, nani kakalia kikombe changu?