Mizunguko Saba ya Raita

Wamesimulia wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika bonde la Hadhramaut alikuwako mwanamke mtu mzima akiitwa Bi Lubaba, mcha Mungu, mpole wa maneno, mwenye magoti mabovu. Mwanawe wa pekee, alipokuwa katika maradhi aliyofia, alimwita karibu na kitanda chake akamkabidhi binti yake Raita, ambaye mama yake alikwisha kufariki. Akamwambia, "Mama, huyu sasa ni amana yako. Yote ambayo ningemfanyia mimi, mfanyie wewe." Bi Lubaba akaipokea amana ile, na tangu siku hiyo hakula tende bila kumtolea Raita kokwa na kumpa nusu.

Mwaka ambao Raita alitimiza miaka mitatu, Bi Lubaba alijaaliwa uwezo wa kwenda kuhiji pamoja na wanawake waaminifu wa mji wake. Majirani wakamshauri amwache mtoto nyumbani. Walisema mtoto mdogo hajawajibikiwa na hija, na hiyo atakayoifanya haitamwondolea ile ya ukubwani. Walisema kweli. Lakini Bi Lubaba naye alikuwa amesikia kwa masheikh kwamba mtoto akihijishwa ana hija yake, na mwenye kumhijisha ana ujira wake. Akasema moyoni kwamba baba yake angekuwa hai, asingemwacha. Basi akamfunga mgongoni kwa mbeleko, wakaondoka.

Ndugu zangu, aliyewahi kusafiri na mtoto wa miaka mitatu, hata kwenda harusini mtaa wa pili, hana haja ya kuelezwa. Raita alilia akipandishwa juu ya ngamia, akalia zaidi akiteremshwa. Bibi yake alipokwisha kumtilia nia ya ihramu, yaani ya kuingia katika hija, alishinda akimshika vidole, maana mtoto yule alikuwa na tabia ya kutafuna kucha, na aliye katika ihramu hapunguzi kucha zake. Pale Arafa, watu wakitokwa na machozi kwa dua, yeye alikuwa akiwarushia mchanga mahujaji wa Misri. Mina alizikumbatia kokoto zake, akakataa zisitupwe, kwa kuwa ni nzuri. Bi Lubaba alichoka mwili wote, lakini furaha yake haikupungua hata kidogo, na kila alipomtazama alisema alhamdulillahi.

Waliporudi Makka kutoka Mina, ikawadia tawafu ya nguzo, ile ambayo hija haitimii bila yake. Bi Lubaba akamfunga Raita mgongoni, akanuia, "Hii yangu na ya mjukuu wangu," akaizunguka Al-Kaaba mara saba. Kisha akasai vivyo hivyo, akienda na kurudi mara saba baina ya vilima vya Safa na Marwa, mtoto mgongoni. Mbele yake alikuwako Muzahim, amiri wa msafara wao, mtu wa miraba minne, amembeba begani mwanawe Iyas wa miaka minne. Watu walipendezwa kumwona baba na mwana katika hali ile, na akina baba wengine wa msafara wakafanya kama alivyofanya amiri wao. Jumla ya watoto, pamoja na Raita, walikuwa kumi na mmoja.

Muzahim alikuwa mwadilifu, hilo hakuna aliyelikana. Lakini alikuwa mgumu katika jambo moja: akisema msafara unaondoka baada ya adhuhuri, unaondoka baada ya adhuhuri, na asiyekuwapo atafute ngamia wengine.

Siku ya kuondoka ilipofika, Bi Lubaba alikwenda asubuhi Msikitini kufanya tawafu ya kuaga. Hapo akamwona mwanamke kijana, mgeni wa Sham, mwenye mtoto mgongoni. Alimaliza mizunguko saba, akasali rakaa mbili, kisha akarudi akaanza upya. Bi Lubaba akadhani amekosea kuhesabu, akamfuata kwa upole.

"Mwanangu, umekwisha kutufu. Nilikuona."

"Ile ilikuwa yangu, mama," akajibu yule kijana. "Hii ni ya mwanangu. Mwenye kubeba hutanguliza yake, ndipo amfanyie aliyebebwa. Akizichanganya pamoja, inabaki kuwa yake peke yake."

Bi Lubaba akaikumbuka nia yake ya siku ile. Akaenda kwa mwanachuoni mmoja aliyekuwa akisomesha kando ya nguzo, akamweleza yote. Yule mwanachuoni akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa Hadhramaut, "Hija yako imetimia, bi mkubwa. Ya mtoto bado. Hajatufu, na saai yake haikutanguliwa na tawafu."

"Na nikiondoka naye hivi alivyo?"

"Wewe ndiye uliyemwingiza katika ihramu. Mtoe wewe."

Bi Lubaba akatoka. Mwenzake wa safari, Bi Atika, alikuwa akimngoja mlangoni, naye aliposikia habari ile alijishika kichwa.

"Lubaba, usituletee mtihani saa hizi! Mtoto wa miaka mitatu, hata dhambi haandikiwi. Nani atakayemuuliza?"

"Hataulizwa yeye, Atika. Nitaulizwa mimi."

"Na msafara? Kwa magoti hayo utamaliza tawafu na saai kabla ya adhuhuri? Ukiachwa hapa, watu wa kwetu huwaoni tena mpaka mwakani!"

"Najua," akasema Bi Lubaba, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa akiogopa, wala hakuificha hofu yake. Makka hakuwa na jamaa, na chakula chake kilikuwa cha njia ya kurudi tu. Lakini kila alipojaribu kukubaliana na maneno ya Atika, alimwona mwanawe kitandani akimwambia mfanyie wewe.

Akaenda kambini. Ngamia walikwisha kupakiwa, na baada ya swala ilikuwa ni kupanda tu. Bi Lubaba akamwomba mpakiaji amteremshie mzigo wake. Muzahim, ambaye jicho lake halikupitwa na kitu, akaja mbio huku Iyas akiwa begani.

"Nani ameamuru ngamia huyu apakuliwe?"

"Ni mimi, mwanangu. Nitabaki."

"Utabaki! Kuna nini, bi mkubwa?"

"Naomba tuzungumze pembeni."

"Mimi sina siri na watu wangu. Sema hapa hapa."

Bi Lubaba akamtazama yule mtoto begani, ameshika kilemba cha baba yake kwa mikono miwili. Akaona kwamba akisema pale, atamvunjia mtu heshima yake mbele ya wale anaowaongoza. Akasema, "Basi niache nibaki kimya kimya, na Mungu akufikisheni salama."

Jibu hilo lilimshinda nguvu Muzahim. Akamteremsha Iyas, akamfuata bibi yule nyuma ya ngamia. Huko Bi Lubaba akamweleza kosa lake yeye, alivyonuia, alivyojibiwa na mwanachuoni, na kwamba sasa anarudi kumfanyia Raita tawafu yake. Hakumtaja Iyas hata kwa neno moja. Hakukuwa na haja.

Muzahim akageuka kumtazama Iyas pale alipomwacha. Kisha akauliza, "Siku ile uliniona?"

"Nilikuona, mwanangu."

"Nami nilinuia kama wewe." Akafuta uso kwa kiganja. "Na wale wote walinifuata mimi."

Hapa, ndugu zangu, mtihani ulihama kutoka kwa bibi kizee ukamwendea mtu wa miraba minne. Angeweza kumwacha Bi Lubaba abaki na siri yake. Hakuna aliyewasikia. Ilimbidi achague baina ya kuondoka na sifa zake, na kusimama mbele ya watu aliowaongoza vibaya awaambie hivyo. Najiuliza ni wangapi kati yetu, sisi tunaoshindwa kuwaambia watoto wetu samahani baada ya kuwagombeza bure, tungefanya alivyofanya yeye.

Akarudi mbele ya msafara akapaza sauti. "Enyi watu, pakueni mizigo! Aliyembeba mtoto wake katika tawafu ya nguzo akanuia yeye na mtoto kwa pamoja, mtoto huyo hajatufu. Mimi ndiye niliyeanza kosa hili, nanyi mkanifuata. Astaghfirullah. Hatuondoki leo."

Wakatokea wa kunung'unika. Mmoja akasema, "Amiri, tucheleweshe watu wazima mia moja kwa ajili ya watoto?"

"Mtu mzima akiachwa nyuma hupiga kelele," akajibu Muzahim. "Hawa hawajui hata kwamba wameachwa."

Wakaanza kupakua.

Baada ya alasiri Msikiti ulishuhudia jambo la kupendeza. Akina baba walijipanga penye maji wakiwatawadhisha watoto wao, na atakaye kujua subira ni nini na amtawadhishe mtoto asiyetaka kutawadhishwa. Mmoja alilowa nguo mpaka kifuani, na mwanawe bado hajaoshwa mguu wa kushoto. Mwingine alifika mzunguko wa tatu, akahisi shingoni mwake umajimaji wa vuguvugu, akarudi kuoga, kumtawadhisha mtoto tena na kuanza upya, huku akicheka.

Muzahim, alipommalizia Iyas mizunguko yake, akamwendea Bi Lubaba aliyekuwa bado katika mzunguko wa pili. "Nipe mimi, mama. Nitamwanzia upya, wewe upumzishe magoti." Akainama. Lakini Raita alimtazama mtu yule mkubwa mwenye ndevu, akauficha uso wake shingoni kwa bibi yake, akapiga ukelele uliosikika mpaka Marwa.

"Amenikataa," akasema Muzahim.

"Utanisamehe, wacha niendelee naye," akasema Bi Lubaba.

Muzahim hakuondoka. Akatembea ubavuni pake, akimkinga na msongamano, kwa mwendo wa bibi kizee. Alisimama aliposimama, akaenda alipokwenda. Mzunguko wa nne, wa tano, wa sita. Ulipoanza wa saba, Bi Lubaba akapinda kwa maumivu, akashindwa kunyanyua mguu. Akashika bega la Atika, aliyekuwa ubavu wake wa pili, akalia. Raita akachungulia kutoka mgongoni.

"Bibi, nishushe. Natembea."

Akafunguliwa mbeleko. Akaishika kanzu ya bibi yake kwa mkono mmoja, akatembea mzunguko wa saba kwa miguu yake mwenyewe, hatua fupi fupi, na wale akina baba waliomaliza wakakaa nyuma yake wasimpite. Na Bi Lubaba, aliyeshindwa kwenda alipokuwa amembeba, alikwenda alipokuwa ameshikwa naye. Walipomaliza akainua mikono akasema, "Mola wangu, mfikishie mwanangu habari kwamba binti yake ametufu."

Ama saai, huko Raita alikuwa amelala fofofo, hawezi kumkataa mtu. Muzahim akaomba idhini ya bibi yake. Akamaliza kwanza kumfanyia Iyas, kisha akarudi Safa, akambeba yatima yule, akaanza moja mpaka saba.

Waliondoka kesho yake baada ya adhuhuri, wakiwa wamekwisha kuaga Nyumba tukufu. Msingoje niwaambie kwamba kuchelewa kule kuliwaokoa na wezi au na tufani. Hawakukuta kitu njiani ila joto na vumbi, kama wasafiri wote. Walifika kwao salama, na Raita alitafuna kucha zake njia nzima.

Basi tukumbuke, enyi wazazi na walezi, kwamba haki ya mtoto ndiyo nyepesi kuliko zote kuifunika, kwa sababu mwenyewe hajui kuwa anayo. Raita alikua, na siku zile za Makka zikamtoka kabisa kichwani. Hakujua kamwe kwamba palikuwa na bibi mmoja aliyekuwa tayari kuachwa ugenini kwa ajili ya mizunguko yake saba. Lakini Yule ambaye tawafu ile ilifanywa kwa ajili Yake, utukufu ni Wake, anajua.