Mashine Ikizunguka Tupu

Bisheni. Nawapa ruhusa kabisa, bisheni mpaka mshipa wa shingo utoke. Wazee wa kanisa wa mbele hapo wanione mwongo, kina mama wa kwaya wakonyezane, vijana wenzangu wa nyuma wapige miluzi wakitaka. Mimi nasema hivi: yuko baba mmoja, mwenye akili zake timamu, aliyekwenda kuikagua shule ya serikali anayosoma mwanawe. Akakuta madirisha hayana kioo hata kimoja. Akamwona mwalimu anakosea hesabu mbele ya wazazi. Akamsikia mwanawe mwenyewe anasimama kusema hajaelewa kitu. Na baba yule akatoka pale anacheka, akasema, "Shule ndiyo hii. Mwanangu haendi popote."

Mnaguna. Nilijua mtaguna. Mnasema moyoni, huyu kijana aliishia darasa la sita, atatuambia nini kuhusu shule? Kweli, niliiacha shule kabla haijaniacha. Lakini ukitaka kujua ukuta wa shule una urefu gani, usimuulize aliyepita mlangoni. Muulize aliyeuruka.

Basi alikuwepo mwenye mashine mmoja, mashine ya kusaga na kukoboa. Acheni kumgeukia baba wa watu pale karibu na mlango! Nchi hii ina mashine za kusaga nyingi kuliko makanisa. Nimesema mwenye mashine mmoja, sikusema yupi.

Bwana huyu alifiwa na mkewe, akabaki na binti wa darasa la tano. Nyumba ya watu wawili. Binti ndiye aliyemkung'uta unga mabegani jioni kabla hajaingia ndani. Binti ndiye aliyempigia kelele chakula kikianza kupoa, maana masikio ya baba yalishaliwa na mngurumo, maneno ya watu aliyapata vipande vipande. Ila mashine yake aliisikia. Angekuwa sokoni anachagua vitunguu, ghafla angeinua kichwa na kusema, "Mkanda umelegea," na kweli umelegea. Kwa hiyo akajijengea imani yake: kila kitu duniani hupimwa kwa sikio. Nyumba ina amani? Pita nje asubuhi, sikiliza. Kwaya ni nzuri? Hapo naomba kina mama msinitazame.

Na shule ni hivyo hivyo. Asubuhi upepo ukitoka upande wa shule, alisikia darasa zima likiitikia kwa pamoja, "Ndiyooo, mwalimu!" Sauti moja, nene, isiyo na mkwaruzo. Naye hutabasamu akifunga gunia: "Ile mashine inasaga."

Sasa, alikuwa na dada yake mkubwa, mkazi wa mjini, mji wa mbali, safari ya kulala njiani. Dada huyu yeye hupima shule kwa macho. Akaja na begi moja, na maneno ya kujaza mabegi matatu.

"Mdogo wangu, mtoto huyu ana kichwa. Utamwacha aozee hapa?"

"Ana kichwa, dada. Ndiyo maana yuko shule."

"Shule au zizi? Nimepita pale nimekuta mbuzi ofisini kwa mwalimu mkuu."

"Yule ni mbuzi wa mwalimu mkuu."

"Ndicho ninachosema!" Dada akapiga goti lake. "Kule kwangu nimemtafutia nafasi. Inglishi midiamu. Watoto wanavaa soksi mpaka hapa. Ukuta umepakwa rangi, picha za wanyama, kila kitu. Jumamosi naondoka naye."

Mwenye mashine akajikung'uta mabegani unga ambao haukuwepo tena. Kwa nini hakukataa? Nyie wenye watoto mnajua. Hakutaka binti aende. Lakini alijiuliza swali lililomwasha kama pumba shingoni: "Namzuia kwa sababu shule yetu ni nzuri, au namzuia kwa sababu nataka mtu wa kunikung'uta unga?" Kama shule ni mbovu, basi yeye ndiye anayemzibia mtoto njia, tena kwa jina la mapenzi. Na atajuaje?

Dada akaona anasitasita, akatupa karata yake ya mwisho. "Ijumaa si siku ya wazazi? Twende wote. Ukitoka pale ukaniambia kwa kinywa chako kwamba ile ni shule, nitaondoka na begi langu peke yangu."

"Haya," akasema baba.

Binti alikuwa jikoni, na ukuta wa jiko ni wa fito. Alisikia yote. Jioni ile alimkung'uta baba yake unga mabegani, akamaliza, akarudia tena.

Ijumaa wakaenda. Wakaketishwa nyuma ya darasa la tano, kwenye dawati la watoto, magoti ya baba yamefika kidevuni. Dada anahesabu nyufa za ukutani. Mwalimu alikuwa msichana mdogo aliyeajiriwa juzijuzi, siku ya wazazi ya kwanza maishani mwake. Akaandika ubaoni: nusu kujumlisha theluthi. Moja juu ya mbili, moja juu ya tatu. Akajumlisha za juu, akajumlisha za chini, akapata mbili juu ya tano. Akageuka, jasho linamtoka.

"Tumeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Wapendwa, sauti ile! Ilitoka kama ya mtu mmoja. Mwenye mashine akasisimka mpaka naye akaitikia "Ndiyooo!" kutoka nyuma, na kwa kuwa masikio yake ni mabovu, alichelewa, akaitikia peke yake. Watoto wakaangua kicheko. Yeye hakujali. Alimpiga dada yake kiwiko, kama kusema: umesikia? Ile mashine inasaga!

Hapo ndipo mkono ukainuka, wa binti yake.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

Mbuzi wa mwalimu mkuu akasikika nje anatafuna. Baba alitamani sakafu ipasuke. Na ilikuwa imepasuka tayari, basi tu nyufa hazikumtosha. Wenzake wote wameelewa, wa kwake tu ndiye hajaelewa! Dada akamwinamia sikioni, na ili kunong'ona na mtu kama yule inabidi upige kelele kidogo, kwa hiyo darasa zima lilisikia:

"Umeona sasa? Miaka mitano, mtoto hajaelewa! Na anathubutu kumwambia mwalimu mbele ya wageni! Kule mjini hakuna mtoto wa kufanya hivyo. Kule ukipita nje husikii hata chafya. Wakiulizwa, wote wanaitikia mara moja, basi."

Mwalimu akamsogelea binti. "Hujaelewa wapi, mama?"

Binti akasimama vizuri. "Mwalimu, mimi nina nusu ya chapati. Halafu wewe umenihurumia, umeniongezea theluthi. Sasa nina mbili juu ya tano. Lakini mbili juu ya tano haifiki hata nusu. Mwalimu, umeniongezea, mbona chapati imepungua?"

Mwalimu akageuka kuutazama ubao. Akautazama sana.

Nawauliza, ungekuwa wewe ungefanyaje? Wazazi wamekukodolea macho, mwalimu mkuu amesimama mlangoni, na katoto kamekuvua nguo kwa chapati. Mwalimu wangu mimi najua angefanyaje. Suruali yangu ya darasa la sita, kama ingekuwepo leo, ingesimama hapa itoe ushuhuda.

Yule mwalimu akachukua kitambaa, akafuta ubao wote. Akaligeukia darasa.

"Nimekosea," akasema. "Asante, umenisaidia. Nani mwingine alikuwa hajaelewa?"

Ukainuka mkono mmoja kule dirishani. Wa pili. Kijana mmoja mrefu akainua wake huku kajificha uso. Halafu ikawa kama mahindi yanapochipua, hapa na hapa na hapa, mpaka darasa zima. Lile lile darasa! Lile lililosema ndiyooo! Na kule nyuma, juu ya dawati dogo, mkono mmoja mkubwa, mweupe kwa unga.

"Na wewe baba?" mwalimu akauliza, akijizuia asicheke.

"Mimi sikuelewa tangu nikiwa mtoto," akajibu mwenye mashine. "Niliitikia tu."

Mwalimu akachora chapati ubaoni, akaikata vipande sita. Nusu ni vipande vingapi? Vitatu. Theluthi je? Hapo wakabishana, ikawa kelele, mmoja anapanda dawati, mwingine anamvuta, huyu anasema viwili, yule anataka kuja kukata mwenyewe. Dada akaziba masikio. Lakini mwenye mashine aliinua kichwa, vile anavyoinua akiwa sokoni.

Maana alitambua kitu ambacho mtu wa kazi yake hakupaswa kukisahau hata siku moja. Mashine huimba lini vizuri? Ikizunguka tupu! Bila punje ndani inalia tamu, sauti moja, haina mkwaruzo, unaweza kuichezea. Mwaga mahindi sasa. Sauti inashuka, inakoroma, inagombana, unadhani itakufa. Ndiyo inasaga hiyo! Baba wa watu amesikiliza mngurumo maisha yake yote, halafu asubuhi baada ya asubuhi akaisikia mashine tupu upande wa shule, akaisifu kwamba inasaga.

Vipande vitano katika sita. Alielewa. Na mvi zake, alielewa.

Wakatoka nje. Dada alikuwa ameshajifunga kanga vizuri, tayari kwa ushindi. "Basi umejionea. Mwalimu hajui hesabu."

"Amekosea, dada. Wewe hukosei?"

"Sikosei mbele za watu!"

"Na kule kwenye soksi, mwalimu akikosea, nani anamwambia?"

Dada akatazama mbuzi.

"Shule ndiyo hii," akasema baba. "Mwanangu haendi popote." Akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeshushiwa gunia mgongoni, mpaka akashika mti. Binti akaja mbio, macho chini.

"Baba, nimekuaibisha?"

"Umeniokoa, mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa kudanganya kwamba shule ni nzuri ili nisibaki peke yangu. Kumbe sina haja ya kudanganya."

Jumamosi dada akaondoka na begi lake peke yake, na kiroba cha unga wa dona alichofungashiwa. Aliaga vizuri, ila dada ni dada, hakukosa la kusema: "Hata hivyo, wawekeeni watoto vioo!"

"Tutaweka, dada. Vioo vinauzwa dukani."

Sasa, wapendwa, tugeukie kwetu. Sisi tunapimaje? Tunapita nje ya shule tunaangalia rangi. Tunaangalia soksi. Tukisikia kimya tunasema nidhamu, tukisikia kuitikia kwa pamoja tunasema elimu. Mtoto akirudi tunamuuliza, "Umekuwa wa ngapi?" Nani kati yetu amewahi kumuuliza, "Leo umeuliza nini?" Vioo tudai, ndiyo, madawati tudai, ni haki ya watoto wetu, wala mtu asitoke hapa akasema mhubiri amebariki nyufa. Lakini shule ambayo mtoto anaweza kusema "sijaelewa", na mwalimu akasema "nimekosea", na jioni wote wawili wakarudi nyumbani salama, hiyo ina kitu ambacho fundi rangi hawezi kukipaka.

Mmeelewa?

Mnasikia mnavyojibu? Nimeuliza mmeelewa, mnaniambia "Amina!" Sauti moja, nene, tamu! Mashine tupu hiyo, jamani!

Tena msicheke sana, maana kuna kipande nimekiruka. Nilitaka nishuke hapa mbele kabla hakijanitoka, nimeshindwa.

Jumapili iliyopita nilihubiri juu ya neema. Mnakumbuka, nilitokwa jasho, nikaruka, mkaitikia Amina mpaka bati likatikisika. Mlangoni mkanipa mikono, "Umehubiri, mwinjilisti!" Nami nikavimba kama andazi. Mwisho ukaja mkono mdogo, una unga kwenye kiwiko.

"Shikamoo, mwinjilisti."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo umesema neema tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi sijaelewa. Neema ni nini?"

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Utaelewa ukikua." Nikaenda zangu kula pilau. Ndugu zangu, "utaelewa ukikua" ni fimbo ya mtu aliyesahau fimbo nyumbani. Nilimjibu hivyo kwa sababu sikujua. Neno ninalolipigia kelele kila wiki, nilikuwa sina hata kipande kimoja cha kumkatia.

Ndipo baba yake, aliyekuwa anamngoja pale nje, akacheka, akanisimulia habari hii yote mliyoisikia leo.

Binti, wewe uliyekaa pale karibu na mlango na baba wa watu: nilikosea. Asante, umenisaidia. Nimefikiri wiki nzima, na nadhani neema inafanana na lile darasa baada ya ubao kufutwa, pale mikono ilipoinuka yote na hakuna aliyeshika fimbo. Nadhani. Sina uhakika.

Nani mwingine alikuwa hajaelewa? Inueni mikono, msiogope. Wa kwanza huu hapa, wangu.