Nani Aliwaleta Wageni wa Bi Nakunda

Sogeeni karibu, na yeyote mwenye ndugu asiyesalimiana naye akae mbele kabisa, maana hadithi hii inamhusu. Leo sina subira na wale wanaojibu kabla ya kuulizwa. Sikilizeni kwanza, ugomvi wenu mtauleta nikimaliza.

Katika milima ya Upare, kwenye kijiji cha Kighonda, alikuwako mjane aitwaye Bi Nakunda. Mali yake ilikuwa nyumba ya wageni, nyumba ya mawe yenye vyumba vichache na baraza inayotazama mashamba ya tangawizi. Watoto wake walikuwa wawili.

Namsifu, binti mkubwa, alizaliwa na kipaji cha kutoona haya ya kukataliwa. Ukimfungia mlango atabisha, ukimfukuza atarudi, na ukimtukana atakuuliza kama umemaliza ili aendelee na shida yake.

Eliamini, mdogo wake, alizaliwa na kipaji cha maneno. Alizijua njia zote za mlimani, na akikuelekeza njia, miguu inaanza kukuuma hata kabla hujanyanyuka kitini.

Wa tatu hakuwa mtoto wa nyumba ile. Alikuwa mtani. Mnajua Wapare na Wachaga walivyo, wanataniana tangu enzi za mababu na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ndesario Kimaro, Mchaga mwenye ukurasa wake mtandaoni wa habari za safari, alikuwa mtani wa nyumba ile kama baba yake alivyokuwa. Kipaji chake kilikuwa matusi. Akikutukana watu wanacheka, na wewe unacheka, halafu ukifika kwako ndipo unahisi mahali alipokuchoma.

Namsifu na Eliamini hawakuwa wakisalimiana, na kisa kilikuwa koti. Siku ya mazishi ya baba yao, Kimaro alitangulia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe koti la marehemu, lile zito la sufu. Hiyo ndiyo kazi ya watani msibani, kuwachekesha waliofiwa, na kwa kawaida hutulizwa kwa kuku. Eliamini hakutafuta kuku. Aliingia ndani akatoka na koti. Namsifu alikuwa akijifunika koti lile tangu baba yake alipokata roho, na kitu alichochukua mtani hakirudishwi. Alimchukia ndugu yake palepale, kaburi likiwa bado wazi. Na Kimaro pia Namsifu alimchukia, ila huyo alilazimika kumchekea.

Basi wageni wakaanza kupungua. Siku hizi msafiri hamuulizi mtu barabarani, anaiuliza simu, na kwa simu Kighonda haikuwako duniani. Mfanyabiashara mmoja wa tangawizi akapanda mlima kuiomba nyumba aifanye ghala. Bi Nakunda akawaita wanawe, akawaketisha mbali mbali ili wasipigane.

"Mvua za vuli zikinikuta sina wageni, nyumba inakuwa ghala," akasema. "Wakija, ufunguo nampa aliyewaleta, na nampa mmoja. Baba yenu na kaka yake waligawana nyumba, wakaishia kujenga ukuta katikati ya jiko. Sitaki ukuta wa pili."

Eliamini alikuwa na mke na shamba huko bondeni. Namsifu alikuwa amerudi kwa mama yake ndoa ilipovunjika, na zaidi ya chumba cha nyuma cha nyumba ile hakuwa na pa kuweka kichwa. Hilo mlikumbuke.

Eliamini alitangulia, na haraka yake haikuwa na baraka. Alitengeneza tovuti ya nyumba, kisha akakutana na muuzaji wa viungo. Kiungo ni tovuti moja kuielekezea nyingine kidole na kusema, nendeni kwa fulani. Mitambo ya kutafutia habari hutazama vidole hivyo kama majirani wanavyotazama salamu: anayesalimiwa na watu wa heshima naye huhesabiwa mtu wa heshima. Muuzaji akamwahidi viungo tele kwa kufumba na kufumbua, na kweli vikaja. Vilitoka kwenye kurasa za kamari, za dawa za kupunguza tumbo, na za viatu katika lugha ambazo Kighonda hazijawahi kusikika. Mtambo ulipoona nyumba ya mjane inasalimiwa na wahuni watupu, ukaitupa nyuma kabisa. Hata ukiandika jina lake kamili, haikutokea.

Namsifu alipogundua, alivunja kimya cha miaka.

"Koti la baba ulilitupa kwa wenye kuchekacheka," akamwambia ndugu yake. "Sasa umewatupia wahuni na nyumba yake."

Eliamini alijua ni kweli. Aliwaandikia wenye kurasa zile mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wamwondolee vidole vyao, na waliokaidi akawakana mbele ya mtambo wenyewe. Halafu akavaa buti akapanda mlima upya. Kila njia aliiandikia ukurasa wake: maji yako wapi, maporomoko yamekula wapi, sehemu gani haipitiki mvua ikinyesha, na mlinzi wa msitu anapatikana nyumba ipi. Ubaya wa njia aliutaja kabla ya uzuri wake. Vikundi vya wapanda milima vikaanza kuelekeza watu kwenye kurasa zile bila kuombwa, kwa sababu ziliwaepusha na kupotea. Vile vilikuwa viungo ambavyo hakuvinunua.

Namsifu alishika njia nyingine. Alikwenda kwenye saraka, yaani vile vitabu vya majina na anwani vilivyohamia mtandaoni. Ziko saraka zinazompokea kila mpita njia, hazina mlinzi mlangoni, na hizo alizipita, maana aibu ya ndugu yake ilikuwa imemfunza. Alizitafuta zenye binadamu anayesoma kila jina: ya vyama vya watembea milimani, ya nyumba za wageni za makanisa, ya watazama ndege. Huku walitaka picha ya choo, kule walitaka mtu wa kumdhamini, na kote walitaka anwani iwe ile ile bila kupishana. Walimkataa, akarudi. Ile ya watembea milimani, iliyosimamiwa na mama mmoja mstaafu wa ng'ambo, ilimkataa mpaka Namsifu mwenyewe akaanza kumsikitikia yule mama kwa kazi ya kumkataa. Mwishowe akaingizwa.

Palikuwa na nafasi ya jina la mmiliki. Namsifu aliandika Namsifu. Alijiambia ni kwa sababu simu yake ndiyo iliyokuwa ikishika mtandao. Mimi simwamini, na ninyi msimwamini.

Kimaro akaliona jina lile kwenye saraka, na ulimi ukamwasha. Pale wageni wanapoacha maoni yao akaandika: "Mwenye nyumba hii amefariki jana kwa uchoyo. Alikataa kula makande yake ili yasiishe. Njooni tumzike, na kila mtu aje na chakula chake." Mpare angesoma hayo angecheka, akatafuta tusi kubwa zaidi la kumrudishia. Yule mama wa ng'ambo hakuwa Mpare. Aliyapitisha maneno kwenye mtambo wa kutafsiri, akaona kifo, akasikitika kwa moyo safi, akaiondoa nyumba kwenye saraka. Kisha akatuma rambirambi.

Rambirambi ziliingia kwenye barua pepe ya nyumba, na aliyeifungua alikuwa Eliamini. Alizisoma mbele ya mama yake, taratibu, akionja kila neno: pole kwa familia, kwa kuondokewa na mmiliki wenu, marehemu Namsifu.

"Kumbe nyumba yangu ilikuwa na mmiliki," akasema Bi Nakunda, "na mimi namfulia mashuka."

Namsifu alitamani ardhi ipasuke. Alisema neno la simu na mtandao, na hakuna aliyelichukua. Jioni ile alipakua makande akala amesimama, peke yake, huku akisikia mama yake na ndugu yake wakizungumza barazani kwa sauti ya chini. Alijua wanamzungumzia yeye. Lakini kulipokucha aliandika kwa yule mama wa ng'ambo kwamba yu hai. Akajibiwa kwamba hata matapeli husema hivyo. Akaandika tena.

Bi Nakunda naye akampelekea Kimaro ujumbe. Utani una sheria zake: mzaha ukimharibia mtu kitu, mtani hulipa. Kimaro alilipa kwa alichokuwa nacho. Kwenye ukurasa wake alikisimulia kisa chote, cha mzungu aliyemwombolezea Mpare mzima wa afya. Akayatukana makande, akavitukana vitanda, akamtukana mwenye nyumba ambaye hata kifo kilimpitia kikamwacha kwa kuogopa kuombwa nauli. Chini kabisa, akaelekeza kidole kwenye tovuti ya nyumba na kwenye saraka iliyomzika mtu hai. Kisa kikasambaa. Yule mama wa ng'ambo akakisoma, akaelewa, akalirudisha jina mahali pake.

Wageni wakaja kabla ya mvua. Walikuwa walimu kutoka Arusha, kundi zima, mpaka wengine wakatandikiwa barazani. Siku hiyohiyo Kimaro naye akatokea, amevaa koti la sufu la marehemu katika jua lile, akamsalimu Bi Nakunda "mke wangu mkubwa" na kuuliza maziko ni saa ngapi. Namsifu akacheka kama desturi inavyotaka.

Walipokwisha kula, Bi Nakunda aliweka ufunguo mezani, akamuuliza kiongozi wa walimu, Mwalimu Lukumay, ni nani aliyewaleta.

"Mama, kusema kweli, tuliyasoma matusi ya huyu bwana, tukatamani kuiona nyumba yenyewe," akasema mwalimu. "Lakini mtu wa mizaha huwezi kumfuata hivihivi. Tukatazama kwenye saraka, tukaona nyumba ipo na imekaguliwa. Hata hapo wenzangu waliuogopa mlima, mpaka tuliposoma zile kurasa za njia. Kimojawapo kingekosekana tungekwenda Lushoto."

Hapo ndipo yalipoanza.

Namsifu alisema nyumba isiyo na mtu wa kuithibitisha ni porojo tu, na aliyeithibitisha ni yeye, tena mara mbili, ya pili akiwa maiti. Wenzake wote wawili walikuwa wakitengeneza walichokiharibu wenyewe, yeye hakuharibu kitu. Na wao wana makwao.

Eliamini alisema hajaona mgeni anayepanda mlima kwa ajili ya jina na anwani. Wanapanda kwa ajili ya njia. Kuhusu kuharibu, yeye aliharibu kwa ujinga, na ujinga wake aliurekebisha mwenyewe, kiungo kimoja kimoja. Wako watu hapa, akasema akimtazama dada yake, waliojiandika urithi mama yao akiwa hai.

Kimaro alisubiri wamalize kuraruana. Kisha akanyoosha mkono, akauokota ufunguo, akauweka kwenye mfuko wa koti.

"Bila mimi hata jina la kijiji hiki wasingelisikia," akasema. "Nanyi mnajua, alichochukua mtani hakirudishwi."

Walimu wakacheka sana. Bi Nakunda hakucheka. Alimwuliza, "Kimaro, unatania?"

"Siku ya kaburi nilikuwa natania," akasema Kimaro. "Nilitaka kuku, nikapewa koti. Sasa niambieni ninyi kama natania."

Namsifu aliutazama ule mfuko. Aliujua, baba yake alikuwa akimwekea karanga humo. Akikasirika, atakuwa amevunja utani wa mababu mbele ya wageni waliokuja kwa ajili ya utani huohuo, na walimu wataondoka wakisema nyumba ile haina watu wa kukaa nao. Akicheka, chumba chake cha nyuma kimekwenda na koti. Mama yake alikuwa akimtazama, Eliamini alikuwa akimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakujua aombe nini wala kwa nani.

Mimi naishia hapo. Na asinyanyuke mjuaji hapa kusema wagawane, ukuta wa jikoni mmeusikia. Asiniambie pia kwamba ufunguo ubaki kwa mama, kwa kuwa mama ameshautoa, na neno la mzazi si mpira wa kurudishiana. Mmoja alimfanya mgeni atamani, mmoja alimfanya aamini, mmoja alimfanya athubutu. Mmoja alinunua heshima ya bandia, mmoja alijiandika mwenye mali, mmoja alimuua mtu kwa mdomo. Mnaogombana na ndugu zenu nimewaweka mbele ili niwaone nyuso mnapojibu. Haya: ufunguo uko kwenye mfuko wa koti, na koti limevaliwa. Ninyi mngeamua utoke, uende kwa nani?