Chungu Kitupu cha Mbeyu

Paukwa! Pakawa! Sogeeni motoni, na wenye watoto wawapakate.

Hapo zamani za kale, kabla watu hawajaanza kutajiana umri ovyo kama ninyi, kulikuwa na kijiji ambako kila mtu alikuwa na chungu chake chenye kifuniko. Mtoto akishatimiza mwaka, mama yake alimtilia kokoto moja wakati wa mavuno, kisha moja kila mavuno. Idadi haikutajwa kwa sauti, maana zimwi la chemchemini halikuweza kumchukua mtu ambaye halijui umri wake.

Mbeyu alikuwa na kokoto thelathini, na hakuwa na mtoto. Siku moja mumewe, Kalume, aliyekuwa amejisahau akautaja umri wake, alikwenda kuteka maji asirudi. Mbeyu akamfuata jua la utosi. Akakuta maji yametulia tuli, na uso wa Kalume umo ndani, ukipepesa macho.

Sauti ikatoka majini. "Mama mmoja ana miaka thelathini. Miaka mitano ijayo, umri wake utakuwa mara saba ya umri wa mwanawe. Nihesabie, Mbeyu, mwana huyo ana miaka mingapi leo. Ukinitajia, yeye wangu, mumeo wako."

Mbeyu akakubali papo hapo. Aliwaza kwamba yeye hana mtoto, na atakayelia ni mwanamke mwingine. Mwauona ubaya huo? Mchuma janga hula na wa kwao.

Akaukumbuka mtindo wa mama yake: usichokijua, kifunike, kisha endelea kuhesabu. Akafunika chungu alichokuja nacho, akasema humo umo umri wa mwana. Kando akaweka kokoto tano za miaka ijayo. Chungu na kokoto tano, mara saba, ni thelathini na tano. Akazigawa thelathini na tano mafungu saba. Kila fungu kokoto tano. Basi chungu na kokoto tano ni sawa na kokoto tano. Akaondoa tano huku, akaondoa tano kule. Chungu kikabaki kitupu.

"Nihesabie, Mbeyu, nihesabie," sauti ikasema.

Akarudia. Kitupu. Akarudia tena. Kitupu. Hapo akakumbuka kuwa miezi miwili hajaziona siku zake. Hofu ikamshika, na aibu pia.

"Mwana wa hesabu yako hana hata siku moja," akasema. "Lazima awe amezaliwa leo. Kwetu leo hakuzaliwa mtu."

"Na tumboni una nini?"

"Huyo bado. Sisi twahesabu tangu kuzaliwa. Nikifika thelathini na tano, yeye atakuwa na minne. Minne mara saba ni ishirini na minane. Hesabu yako haimfiki."

"Ninyi ndivyo mnavyohesabu; mimi huanzia tumboni," zimwi likasema, likamwachia Kalume, baridi lakini mzima.

Akazaliwa Sidi, binti mcheshi, na Mbeyu akasahau kuogopa. Yakaja mavuno ya thelathini na tano ya Mbeyu. Akatia kokoto ya nne chunguni mwa mwanawe, akaona mlio wake si wa kawaida. Akazimwaga, akahesabu.

Zilikuwa tano, na moja ilikuwa imelowa maji.

Akamwita Sidi uani, kimya. Akamwita jikoni, kimya. Akamwita mara ya tatu, na mtoto akaitika kwa mbali, upande wa chemchemi.

Hadithi yangu imeishia hapo, Mbeyu akiwa bado anakimbia.