Kilichoombwa Mkutanoni

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja mfinyanzi, katika kijiji chenye udongo mwekundu mzuri. Vyungu ndivyo vilivyomlelea binti yake. Siku moja akaja mgeni kutoka China, akaomba eneo ajenge kiwanda cha vigae. Mkutano wa kijiji ukakubali kwa makofi.

Kiwanda kikasimama, kikazungushiwa ukuta. Malori yakaanza kuchota udongo bondeni, pale pale mama alipozoea kuchota kwa ndoo. Yeye akabaki kukwangua kingo.

"Shoga, tafuta kazi nyingine," jirani alimtania. "Siku hizi udongo unapanda lori."

Hakucheka. Kesho yake akajifunga kanga, akaenda getini kumwambia yule mgeni arudi kwao.

"Kwenu hakuna udongo?" alimuuliza.

"Upo, mama." Kiswahili alikuwa ameshakishika. "Lakini viwanda vya vigae ni vingi, tunagombania wateja wale wale. Cha baba yangu kilifungwa. Huku watu bado wanajenga, ndiyo maana nikaja."

Mama alikuwa amejiandaa kumwita mwizi. Mbele yake akamwona mtafutaji, kama yeye.

"Sasa mbona mmetufungia nje? Tanuri la kuchomea vigae mnaendesha wenyewe, sisi tunabeba maboksi tu."

"Siku ya mkutano niliuliza mnataka nini. Mkaomba ng'ombe wa sherehe, jezi za vijana na kanga za akina mama. Nikatoa vyote. Nilikuwa tayari hata kufundisha watu tanuri. Hakuna aliyeomba."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Mimi mfanyabiashara, mama. Nisichoombwa sikitoi."

Mama akainamisha macho, yakatua kwenye kanga aliyojifunga. Ni ile ile ya mkutanoni, yenye picha ya kigae kwenye pindo. Aliipokea kwa vigelegele.

Kisha akainua uso.

"Basi mkutano haujaisha," alisema. "Nina binti. Nataka afundishwe tanuri. Na lile bonde tugawane, nami nipate pa kuchota."

Mgeni akamtazama, halafu akamgeukia mlinzi. "Fungua geti. Ingia, mama, tukae tuzungumze."

Ndugu zangu, akija mgeni sisi hubishana kama ni malaika au ni mwizi. Mara nyingi ni mtu tu, mwenye shida iliyomtoa kwao. Kutafuta si dhambi. Lakini alipotuuliza tunataka nini, sisi tulijibu nini? Na mbele za Mungu, je, hatuendi hivyo hivyo? Tunaomba kanga, tunapewa kanga, kisha tunarudi nyumbani tukinung'unika kwamba tumefungiwa mlango.

Sasa tutasimama tuombe. Kabla hujafungua kinywa, jitazame kwanza kiunoni, uone umejifunga nini.