Zuwena na Sheria ya Jirani

Hapo zamani, katika mji wa Mbweta ambao nyumba zake zote zimeungana kuta, palikuwa na sultani aliyependa sheria kuliko chakula, naye akaamuru: "Raia ni yule ambaye jirani yake ni raia. Asiyethibitika kufikia alasiri, atoke mjini." Basi wa kwanza kuitwa akawa Zuwena, mjane fukara mwenye mtoto mchanga mgongoni, kwa kuwa kibanda chake kilitamaniwa kiwe zizi la farasi.

Wakatumwa mawaziri wawili. Waziri Badi alianzia kwenye swali, yaani kwa Zuwena mwenyewe, akirudi nyuma jirani kwa jirani.

"Jirani yako nani?"

"Mwatime mfinyanzi, bwana."

Akaenda kwa Mwatime. "Na wako?"

"Zuwena."

Akarudi kwa Zuwena, akarudi kwa Mwatime, ikawa huenda na kurudi mpaka ukanda wa kiatu ukakatika.

"Baba," akasema Mwatime, "si uhamie hapa tu, upumzishe miguu?"

Waziri Suudi yeye alianzia kwenye yajulikanayo akienda mbele. Akakaa na kalamu. "Nipeni raia wa kwanza, nami nitawaandika wote." Hakupewa, karatasi ikabaki nyeupe.

Jua likainama. Zuwena akachukua mkaa jikoni. "Waziri Badi, mlango uliokwisha kuulizwa tuutie alama, tusiuulize tena."

Basi Mwatime akamtaja jirani wa upande wa pili, mhunzi. Mhunzi akamtaja muuza kahawa. Na muuza kahawa ukuta wake ni ukuta wa jumba la sultani. Wakaingia.

Zuwena akapiga goti. "Ewe bwana wangu, je, wewe ni raia?"

"Mpumbavu! Huoni kiti hiki?"

"Nakiona, bwana wangu, ila sheria haikutaja kiti, imetaja jirani. Muuza kahawa anakungoja wewe, nawe unamngoja yeye, na alasiri hiyo yaja. Nimekuja na kanga ya pili, nikusaidie kufunga mzigo."

Sultani akatazama dirishani, akaona kivuli kimerefuka.

"Andikeni upesi! Sultani ni raia, bila kuulizwa!"

Suudi akarukia kalamu: sultani, kwa hiyo muuza kahawa, kwa hiyo mhunzi, kwa hiyo Mwatime, kwa hiyo Zuwena. Hapo sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka, akaamuru farasi walale walipozoea, na Zuwena apewe kibanda chake milele, na gunia la mchele juu yake.

Adhana ikalia, Zuwena akamshusha mtoto kwenye mkeka wake mwenyewe. Badi akaenda kushona kiatu. Ama Suudi, yungali anaandika mji mzima, hata wale ambao hakuna aliyewauliza.